Nilikuwa nafundisha subira, sasa sina pumzi ya kumaliza aya

BARUA

Bi Mshauri, assalaam alaikum warahmatullah.

Jina langu liache na mtaa usiutaje, Tanga yetu hii tunajuana mpaka kilichomo chunguni. Itoshe kwamba nakaa Ngamiani, nina miaka 58, ni mjane, na nusu ya umri wangu nimesomesha: watoto madrasa asubuhi, kina mama darsa la Alhamisi baada ya Laasiri. Wanaoniita ustadhati ni wengi kuliko wanaolijua jina langu.

Presha ninayo tangu uzazi wangu wa mwisho. Mwaka juzi miguu ilianza kujaa, viatu vikawa haviingii, na usiku nikilala chali naamka nahema, natafuta dirisha. Nilipelekwa Dar es Salaam, nikapigwa eko, kile kipimo cha picha ya moyo, nikaambiwa moyo umetanuka na unasukuma kwa asilimia 20. Tangu hapo nalazwa, natoka, nalazwa tena. Operesheni ya kunifaa hakuna, ni vidonge, kupunguza chumvi na kuyapima maji ninayokunywa. Safari ya mwisho daktari, kijana mpole, aliniuliza kama nimewahi kukaa na wanangu tukazungumza habari ya siku za mbele. Nilimwelewa. Nikamwambia inshallah.

Mwenzio nina mambo ambayo siwezi kuyasema mbele ya mtu.

La kwanza ni sala. Nikienda rukuu pumzi inakata, sijda ndiyo usiseme, naona giza. Kwa hiyo naswali kwenye kiti. Hukumu yake naijua, nimeshawafundisha wagonjwa wangapi! Lakini yanifika mimi, naona kama napiga simu isiyopokelewa. Nikishika Yasini, aya inanikatikia katikati. Na usiku, nimeegemea mito, najikuta namuuliza Mwenyezi Mungu maswali ambayo mwanafunzi wangu angeyatamka ningemwambia haraka alete istighfari. Kwa nini mimi? Nimekukosea wapi? Naogopa imani inanitoka na kifo kinikute hivyo. Kina mama wakija kunitazama natabasamu, nasema alhamdulillah, maana najua wanataka kuiona subira ya ustadhati, na nyumbani kwao wataihadithia.

La pili ni kaka yangu mkubwa. Ndiye baba yetu tangu baba alipofariki. Yeye haamini kuwa huu ni ugonjwa wa hospitali. Alimleta fundi kutoka nje ya mji, akapiga ramli, akasema pumzi zangu zimefungwa, na aliyezifunga ni mwanamke wa damu yangu. Kaka hakutaja jina, na hakukuwa na haja. Mimi na mdogo wangu wa kike hatusemeshani tangu matanga ya mama, kwa ajili ya minazi. Kazi ya fundi ni siku 21, na kafara ya ng'ombe, na katika siku hizo nisimeze kidonge chochote cha hospitali kwa kuwa dawa mbili hugombana. Anataka milioni tatu na nusu. Kaka anasema tuuze kiwanja changu cha Pongwe.

Kiwanja hicho nilikinunua mwenyewe, kwa cherehani na pesa za mchezo. Nimekusudia apate binti niliyemlea tangu ana miaka minne. Sikumzaa. Sasa ana 20, na ndiye anayenipangia mito usiku. Wanangu wa kuzaa ni wawili, wote wa kiume, mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine Mwanza. Nilipomtamkia mkubwa neno wosia kwenye simu alilia, akasema, "Mama, unajitabiria, unakata tamaa na rehema za Mungu." Kaka naye akasema mwenye kuandika wosia anamfungulia mlango Izraili.

Nusu yangu inajua hili la fundi si jambo. Nusu nyingine imechoka, Bi Mshauri, inasema kama kuna mlango haujabishwa, bisha. Kaka ananipenda, sina shaka. Nikikataa, atanizika huku anasema angalinisikiliza. Na Ramadhani hiyo inakuja, natamani kuifunga hata kama ndiyo ya mwisho, hospitali wananikataza.

Nimkubalie kaka? Na hii hofu nimpelekee nani?

Ustadhati, Tanga

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo ustadhati, maana umenizidi umri, na kwa elimu ya dini umenizidi mbali sana. Mimi si shekhe wala si daktari. Nikigusa aya, nisikilize kama unavyomsikiliza mwanafunzi anayesomeshwa, na nikigusa dawa, nenda ukaulize kliniki kabla ya kubadili chochote.

Umeniuliza kuhusu fundi, lakini nilipoirudia barua yako niliona fundi amechukua mistari michache. Iliyobaki ni habari ya mtu asiye na pa kusemea. Kaka ameshika ramli, mwanao ameshika machozi, kina mama wanaondoka na alhamdulillah yako, na wewe unabaki na mito na usiku. Kama nimekusoma vibaya nisahihishe, ila nitaanzia hapo.

Unasema imani inakutoka kwa sababu unamuuliza Mungu maswali. Nami nakuuliza, mwalimu: Nabii Yaaqub alipompoteza Yusuf alisema subira njema, na katika sura hiyohiyo tunaambiwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Akasema anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Nabii Ayubu naye alisema wazi kwamba dhara imempata. Hakuna aliyeandikwa kuwa imani imemtoka. Kina mama wa Alhamisi umewasomea hayo mara ngapi? Sijui kama uliwahi kuyasoma ukiwa wewe ndiye Yaaqub. Subira unayojidai huna, huenda ni ile ya kutabasamu mbele ya wageni, na hiyo sijaona mahali ilipofaradhishwa.

Hili la maswali ya usiku si lako peke yako, wala si la Waislamu peke yao. Huko Edinburgh, Scotland, watafiti waliwafuatilia kwa mazungumzo wagonjwa wa saratani ya mapafu na wagonjwa wa moyo kama wewe, wakachapisha waliyoyasikia mwaka 2004. Wenye dini na wasio na dini walikuwa wanauliza hayohayo: maisha yangu yalikuwa na maana gani, kwa nini mimi, nimebaki na thamani gani sasa. Na wengi hawakuyasema kwa daktari, maana walimwona ana shughuli nyingi. Marekani nako kuna utafiti wa wagonjwa ambao moyo umefika hatua yako, ulitoka 2011. Waliokuwa na ugomvi na Mungu ndani kwa ndani, waliohisi wameachwa au wanaadhibiwa, ndio baadaye walioonekana na huzuni zaidi na kulazwa zaidi. Sikuelezi haya kukutisha. Nasema tu kwamba hofu hii ni sehemu ya ugonjwa wako, inastahili kuhudumiwa kama miguu inavyohudumiwa ikijaa, na kuificha si dawa yake.

Umpelekee nani? Fikiria mtu mmoja tu, asiyekuja kutazama subira. Pengine ni mwalimu wako wa zamani kama yu hai, au shekhe mtu mzima aliyekaa na wagonjwa wengi na asiye na haraka ya kukutolea fatwa. Pengine ni mwanafunzi wako mmoja aliyekwishakuwa mama wa watu. Mwambie mapema kwamba hutaki mawaidha, unataka akusikilize. Si kila mtu ataweza. Wapo watakaokurukia na "usiseme hivyo" kabla hujameza mate, na huyo mmoja akikuangusha utaumia kuliko ulivyo sasa, kwa hiyo mchague taratibu.

Kuhusu kiti, hadithi ya Imran bin Huswayn unaijua: simama, usipoweza kaa, usipoweza lala ubavu. Kinachokuuma si hukumu, kinachokuuma ni kwamba mwili ulioinama miaka yote umekataa kuinama. Hilo lililie, ni msiba. Lakini lijue kwa upande wa pili pia. Moyo ukielemewa na maji, mtu akiinama mbele shinikizo ndani ya kifua hupanda na pumzi hukata. Madaktari wanalijua na wanalitumia kupima hali. Siku ukiona hata kuinamisha kichwa kwenye kiti kunakutesa kuliko juma lililopita, hiyo ni habari ya kupeleka kliniki siku hiyohiyo, kwa sababu huenda maji yamezidi. Na aya inayokatika katikati, mwalimu wa tajwidi, si kuna waqfu ya dharura, ya msomaji aliyeishiwa pumzi? Maulamaa walimpangia nafasi yake tangu zamani: asimame pumzi ilipoishia, arudi nyuma kidogo, aendelee.

Sasa kaka na fundi.

Nadhani najua kwa nini fundi ana nguvu nyumbani kwenu. Hospitali imekueleza moyo umekuwaje, haikukueleza kwa nini wewe. Fundi ameanza na hilo la pili. Jibu la hospitali ni kavu: katika wagonjwa wa moyo wa namna hii waliochunguzwa Muhimbili, na matokeo kuchapishwa 2014, wastani wa umri ulikuwa miaka 55, na kilichoongoza kwa kuwafikisha pale kilikuwa presha, karibu nusu yao. Presha ya miaka mingi huulazimisha moyo kusukuma kwa nguvu mpaka misuli inachoka na kutanuka. Hapo hapana mtu wa kulaumu, na binadamu tunapata tabu na msiba usio na mtu wa kulaumu.

Na ugonjwa wenyewe una tabia inayompa fundi kazi. Hauteremki moja kwa moja, unashuka, unapanda, unashuka tena. Mtu hulazwa hoi, akatolewa maji, akarudi nyumbani anacheka. Chochote alichofanyiwa juma hilo, kikiwa kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa), kafara au dripu, kitapewa sifa. Nisingependa umcheke kaka kwa hilo, maana alichokiona amekiona kweli, ulipata nafuu. Tunachobishania ni sababu yake.

Lakini siku 21 bila vidonge, ustadhati, hapo siwezi kukuzungushia maneno. Fundi anasema dawa mbili hugombana, na hakukosea kabisa, kuna mizizi inayogombana na dawa za moyo. Ila katika ugomvi huo ameamua kuiondoa ile inayojulikana kipimo chake. Ukiacha vidonge vya maji, maji hurudi kwa siku chache, hayasubiri siku ya 21. Na kama umo kwenye dawa za kutuliza mapigo ya moyo, jamii ya carvedilol au bisoprolol, kuzikata ghafla kunaweza kuuvuruga mwendo wa moyo. Mtu mwenye moyo unaosukuma kwa asilimia 20 anaweza asiimalize hiyo kazi ya fundi.

Hiyo asilimia 20 nayo niiseme kidogo, maana naona imekukaa rohoni. Haina maana kwamba asilimia 80 ya moyo imekufa. Moyo mzima nao hautoi damu yote kila unapopiga, hutoa kama asilimia 55 hadi 70 ya iliyojaa chumbani. Na namba hiyo si kalenda ya siku zako. Wapo wenye namba kama yako wanaokwenda sokoni, wapo wenye namba nzuri walio kitandani. Daktari aliposema "siku za mbele" hakuwa anakutajia tarehe.

Una njia zaidi ya mbili. Kukubali yote, hatari yake nimekwisha kuisema, na kiwanja kitakuwa kimekwenda. Kukataa yote kwa ukali, unaweza, mali ni yako na mwili ni wako, lakini unamjua kaka yako. Anaweza kununa, na mgonjwa anahitaji watu. Katikati kuna nafasi pana. Kisomo, dua, khitma, mkono wa kaka kichwani kwako akisoma Fatiha: hakuna daktari atakayekukataza. Dini yako inasema tafuteni dawa, na inasema mfunge ngamia kisha utawakali. Hata kombe la zafarani na marashi, kama linakupa utulivu, linywe, ila ni maji nalo, lihesabu ndani ya kipimo cha maji ulichopewa, na Zamzam vilevile. Mizizi ya kuchemsha usiyoijua ni jambo jingine. Na, kwa kuwa nimefika hapo, zile dawa za magoti za duka la dawa, diklofenaki na brufeni, huzuia chumvi na maji mwilini na zimewarudisha wengi wodini, uliza kabla ya kuzimeza. Ng'onda na papa mkavu, kwa chumvi yake, ndio hivyo tena, bada utaila na samaki mbichi.

Halafu kuna mdogo wako, na hapa ndipo barua yako ilinisimamisha zaidi.

Ukiikubali tiba ya fundi umeikubali pia ramli yake. Utakuwa umesema, hata kwa kukaa kimya, kwamba mdogo wako anakuua. Je, unaliamini hilo? Hukuniandikia kuwa unaliamini. Uliniandikia minazi. Maneno ya ramli hayabaki chumbani, mwaka ujao watoto wa mtaa watakuwa wanayajua, na yeye ndiye atakayebaki nayo wewe ukiwa umeondoka. Sheria ya Uchawi ya nchi hii, ya tangu 1928, inahesabu kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa, na wanaobebeshwa jina hilo mara nyingi ni wanawake watu wazima. Umeniuliza umemkosea Mungu wapi. Sitaki kukutungia dhambi. Lakini nimeona kwamba katika barua nzima, kidonda kilicho kati yako na mtu aliye hai ni hicho kimoja. Ungependa kumtumia salamu? Si lazima minazi itajwe. Si lazima mmoja akiri. Anaweza asijibu, anaweza akaja na maneno makali kuliko ya matangani, na una haki ya kuamua kwamba pumzi zako hazitoshi kwa hilo. Nakuachia.

Kuhusu wosia, nadhani kaka na mwanao wamechanganya kujiandaa na kukata tamaa, na wewe una hoja nzito kuliko zao. Hadithi ya Ibn Umar haikusema mgonjwa, ilisema Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale usiku mbili bila wosia wake kuandikwa. Usiku mbili! Kijana mzima anayefunga duka Barabara ya Kumi imemgusa sawa na wewe.

Kwa binti yako ndiko wosia unakohitajika hasa. Mtoto wa kulea hana fungu katika mirathi ya Kiislamu. Ukiondoka bila kuandika, kiwanja ni cha wanao, naye atategemea huruma yao. Umeruhusiwa kumuusia asiye mrithi mpaka thuluthi ya utakachoacha. Kikizidi hapo warithi waridhie. Kwa hiyo tafuta thamani ya nyumba, cherehani, dhahabu, kila kitu, uone kiwanja kimesimama wapi. Kukipitisha kama hiba, yaani zawadi ungali hai, leo nako kunawezekana, lakini hiba ya mgonjwa aliye katika maradhi ya mauti mafakihi huihesabu kama wosia, muulize kadhi kabla hujatia saini. Wapo pia RITA, wakala wa serikali, huandika na kuhifadhi wosia. Mashahidi wawe wawili, na binti asiwe mmoja wao.

Tazama na hili: ukiwa na watoto wa kiume, kaka hakurithi. Akisema kiuzwe kiwanja, hasemi kwa tamaa yake, anatoa mali isiyo yake kwa sababu anaogopa kukuzika. Lakini haohao wanao, ambao ndio warithi, wameulizwa habari ya kuuza? Kilio cha kwenye simu nakielewa, mtu yuko mbali, anasikia neno moja, anajiona amechelewa. Labda usianze tena na neno wosia. Anza na mambo ya kawaida: nikizidiwa usiku nani apigiwe, nataka nipelekwe tena Dar es Salaam au nibaki hapa, binti akae na nani. Mwite aje, mambo haya yanasemeka vizuri zaidi mtu akiwa amekaa mkekani kwako. Anaweza akalia tena. Akilia, mwache alie.

Kuna kitu kinaitwa tiba shufaa. Watu wakisikia hudhani ni kuambiwa nenda nyumbani ukafe, sivyo. Inakwenda pamoja na vidonge vyako: kupunguza kukosa pumzi, kukupa usingizi, kuongea na familia, na hayo maswali ya usiku nayo yanahesabiwa, maana tangu daktari Mwingereza Cicely Saunders alipofungua nyumba yake ya wagonjwa London mwaka 1967 wenye fani hiyo wanasema maumivu ya roho ni maumivu. Mkoani kwenu, hospitali ya Teule kule Muheza ilianza huduma hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Muulize daktari wako kama anaweza kukuandikia huko au kama kuna mtu wa fani hiyo karibu zaidi.

Ramadhani nakuelewa, na tamaa yako ni njema. Saumu inasogeza saa za dawa, inamfanya mtu anywe kwa pupa magharibi, na vidonge vya maji mchana wa joto la pwani bila kunywa vinaweza kuangusha presha na kuumiza figo. Kwa moyo uliofika hapo, wengi hukatazwa. Aya ya 184 ya Al-Baqara unaisomesha wewe, na fidia yake ni kulisha masikini kwa kila siku. Lakini nahofia usije ukafunga kwa siri. Kama hamu itakuzidi, mwambie daktari wazi kwamba unatamani hata siku moja, mjadili naye mkiwa na uzito na presha yako mkononi, kuliko ajue umezimia. Futari unaweza kuipanga wewe, darsa unaweza kulitoa ukiwa kwenye kiti, kwa sauti ndogo, binti akikusomea aya na wewe ukifasiri.

Siku ya kliniki ijayo jaribu kwenda na kaka. Mwombe daktari amweleze yeye, kwa Kiswahili cha nyumbani, maji yanatoka wapi na vidonge vinafanya nini, na umruhusu kaka aulize habari ya fundi bila kuzomewa. Mpe pia kazi. Mtu anayetafuta fundi ni mtu anayetafuta cha kufanya. Nunueni mzani, awe anakuja kila asubuhi ukishatoka msalani na kabla ya chai, akupime, aandike. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, yeye ndiye anayekupeleka hospitali, na kisomo chake asome njiani. Akikataa kwenda kliniki usimngoje. Nenda na binti, na umwombe daktari ampigie simu.